Ndondi, Muay Thai, judo, jujitsu au karate: mtu mzima achague nini?

Ukimuuliza mtu wa michezo ya mapigano upi ulio bora, atakutajia wa kwake, tena kwa hoja. Mcheza judo atakwambia kila ugomvi huanza kwa kushikana mashati. Bondia atakwambia hakuna atakayefika kwenye shati akishaonja ngumi mbili. Wa jujitsu atawangoja wamalize, kisha aseme kwamba mwisho wa yote ni chini. Kila mmoja ana ukweli kidogo, na hakuna kati yao aliyemjibu mtu wa miaka 34 mwenye kazi, mgongo unaolalamika na jioni mbili tu za wiki alizo nazo.

Mtoto anayeanza ana miaka mingi mbele yake na mifupa inayounga upesi. Mtu mzima anatafuta kitu atakachokifanya mwaka huu na mwakani, na Jumatatu bado aamke aende kazini akitembea sawasawa. Kwa hiyo hapa hatuulizi nani atampiga nani. Tunauliza kila mchezo unaudai nini mwili wako, na unakulipa nini.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne, na vyote vitarudi chini ya kila mchezo.

Cha kwanza ni darasani: unafanya nini hasa katika saa moja au saa na nusu ya mazoezi, na mgeni hukaa muda gani kabla hajaacha kujihisi mgeni.

Cha pili ni mwili. Kila mchezo una majeraha yake unayoyapenda: mmoja hula vidole, mwingine magoti, mwingine kichwa. Hakuna usioumiza. Ulichonacho ni nafasi ya kuchagua mahali pa kuumia na kiasi gani.

Cha tatu ni upinzani, yaani mwenzako anakukatalia kweli au anakusaidia uonekane hodari? Mbinu uliyoifanya kwa mtu aliyekubali kuanguka bado hujaijaribu. Kujihami mtaani nimekuweka ndani ya kigezo hiki, maana uwezo wa kujihami hutokana zaidi na mazoezi ya kukataliwa kuliko idadi ya mbinu unazozijua kwa majina.

Cha nne: unamfaa nani.

Ndondi

Darasani. Kuruka kamba, kupigana na kivuli, begi, padi. Vitu vya kujifunza ni vichache: kusimama, kutembea bila kupishanisha miguu, ngumi ya mbele ya kupimia, ya nyuma iliyonyooka, ya kuzungusha na ya kupandisha kutoka chini. Uchache huo ndio mtego wake, kwa sababu utazirudia ngumi hizo hizo miaka yote na kila mwaka ugundue kwamba ile ya kwanza bado hujaijua. Kanuni za Queensberry za mwaka 1867 ziliweka raundi za dakika tatu na dakika moja ya mapumziko, na kumbi nyingi mpaka leo zina saa inayolia kwa mwendo huo. Hata anayepiga begi peke yake kwenye kona hupumzika kengele ikimruhusu. Angalia pia kama kuna anayewaonyesha wageni kufunga bandeji: kuanzia kifundo cha mkono, kuzunguka vifundo vya vidole, kupita katikati ya vidole, kisha kurudi kifundoni. Mahali wanapokupa glavu bila hayo, begi litakufundisha, nalo si mwalimu mpole.

Mwili. Vifundo vya mikono na mabega huchoka, hilo la kawaida. Jambo la kuzungumza waziwazi ni kichwa. Ubongo hautofautishi pigo la mazoezi na la mashindano, na mapigo madogo madogo ya miaka mingi hujumlishwa. Kofia ya kujikinga hupunguza kuchanika nyusi, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 wanaume walipigana bila kofia kabisa. Habari njema ni kwamba mtu mzima anaweza kufanya ndondi miaka mingi bila kupigwa kichwani kwa nguvu. Kuna sparingi, yaani pambano la mazoezi, ya mwili tu, kuna sparingi ya kugusana, kuna padi na begi. Mwambie kocha mapema unataka nini. Glavu za sparingi kwa mtu mzima huwa aunsi 16, nzito kuliko za mapambano ya kulipwa, ambazo huwa 8 au 10. Mwenye uoni hafifu sana wa mbali, wa miwani mikali, amwone daktari wa macho kwanza, kwa kuwa retina ya jicho la namna hiyo hubanduka kwa urahisi zaidi.

Upinzani. Ukiingia ulingoni, hakuna mchezo usio na longolongo kama huu. Mikono miwili, na mtu mbele yako asiyetaka uipitishe. Kitu cha kwanza utakachojifunza ni kutofumba macho ngumi inapokuja, na kitu hicho peke yake kinamtenga bondia wa mwaka mmoja na mtu wa kawaida. Miguu inayojua kurudi nyuma ina faida mtaani kuliko ngumi zenyewe. Pengo lake ni kwamba akishakumbatiwa au kuangushwa, bondia hajui la kufanya.

Inamfaa anayetaka jasho na pumzi haraka, asiyependa kushikana mwili na watu, na anayependa vitu vichache vilivyochimbwa sana. Haina mikanda ya rangi ya kukutia moyo. Huku mkanda ni wa bingwa.

Muay Thai

Darasani. Huu ni mchezo wa Thailand wa ngumi, mateke, magoti na viwiko, pamoja na kukamatana shingo mkiwa mmesimama. Sehemu kubwa ya darasa ni wawili wawili: mmoja anashika padi, mwingine anapiga, kisha mnabadilishana. Kushika padi ni kazi na ni ujuzi. Ukipewa mwenza anayezilegeza, kifundo cha mkono wako kitajua.

Mwili. Miezi ya kwanza ni ya miundi na vidole vya miguu. Utagongana muundi kwa muundi na mwenzako, mtakaa chini kila mmoja akisugua wake, na hakuna atakayecheka. Nyonga zilizokaza kwa kukaa ofisini zitalalamika kwenye mateke ya juu, ingawa teke la pajani, ambalo ndilo la kutumika zaidi, halihitaji mtu awe mnyumbufu. Kuhusu kichwa, yote niliyoyasema kwenye ndondi yapo hapa pia. Kumbi nyingi huviacha viwiko nje ya sparingi, na zinafanya vizuri.

Upinzani. Mkubwa, na wa umbali mwingi: mbali kwa teke, karibu kwa ngumi, kifuani kwa goti. Kwa kusimama tu, ni vigumu kupata darasa linalogusa mengi zaidi. Chini haufiki.

Unamfaa anayependa kupiga lakini anaona ndondi ni finyu, na ambaye hajali kurudi nyumbani na michubuko asiyoweza kuieleza kazini.

Judo

Darasani. Kano Jigoro alianzisha shule yake, Kodokan, huko Tokyo mwaka 1882 akiwa kijana mwenye miaka ishirini na kitu. Alichokifanya nakiona kama wazo kubwa kuliko mbinu yoyote. Kutoka shule za zamani za jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani, aliweka kando mambo ambayo huwezi kuyafanya kwa nguvu zote bila kumvunja mwenzako, akabakiza yale mnayoweza kukamiana nayo jioni nzima na kesho mkarudi nyote wawili. Matokeo yake, mbinu iliyoonekana laini ilifanyiwa mazoezi kwa ukali kuliko ile iliyoitwa ya kuua, ambayo hakuna aliyewahi kuithibitisha.

Wiki za mwanzo ni za kuanguka. Kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wako, pumzi nje, na mkono wote, kiganja pamoja na kigasha, unapiga mkeka sekunde ile ile mgongo unapogusa. Mkono ukiwa mbali sana na mwili bega linateseka. Ukiwa karibu sana unajilalia. Ukitanguliza kiganja nyuma kwa hofu, kama watu wote wafanyavyo wakiteleza, kifundo cha mkono ndicho kinachopokea uzito, kwa hiyo mwalimu atakurudisha chini mpaka silika hiyo ife. Baada ya hapo ni kushika ukosi na mkono wa nguo, kurudia kuingia kwenye mbinu bila kuangusha, halafu randori, pambano la mazoezi ambalo kila mmoja anatafuta kumpiga mwenziwe mweleka.

Mwili. Hapa mtu mzima asikie vizuri: ugumu wa judo uko kwenye kuangushwa. Mwili wa miaka 20 huanguka ukainuka. Wa miaka 40 huanguka ukafikiri. Magoti huumia hasa mwenzako anapokuangukia mguuni kutoka pembeni, mabega huumia kwa kuanguka vibaya, na vidole vya anayeshika nguo miaka mingi hujikunja kama vya mzee. Kuna njia za kupunguza. Omba magodoro manene kwenye kurusha, chagua wenza walio karibu na uzito wako, na jipe randori ya kupambana mkiwa chini mara nyingi kuliko ya kusimama. Ukumbi unaokataa maombi hayo unakwambia kwamba umejengwa kwa ajili ya vijana wa mashindano, na si vibaya kuujua mapema.

Upinzani. Kamili tangu miezi ya mwanzo. Kumkata mtama mtu anayekukatalia ni kazi ya miaka, lakini ukiipata umeipata. Mashindano yalipiga marufuku kushika miguu kwa mkono, hatua iliyokamilishwa mwaka 2013, kwa hiyo kumbi nyingi zimeacha kufundisha kujilinda na mtu anayevamia mapaja. Kwenye sakafu ngumu, mtu aliyerushwa vizuri hana haraka ya kuinuka, na ndiyo sababu jambo hilo si la kulichezea. Faida ambayo watu wa judo hawaitangazi vya kutosha ni ile ya kuanguka yenyewe: wengi wetu hatutapigana maisha yetu yote, lakini wote tutateleza bafuni siku moja.

Inamfaa mwenye mwili ulio imara kiasi, anayependa kushindana kwa nguvu na akili pamoja, na asiyeona haya kuwa mbaya kwa mwaka mzima. Kuna mashindano ya wakongwe kuanzia umri wa miaka 30, kwa hiyo hujachelewa hata kwa medali.

Jujitsu ya Kibrazili

Darasani. Mzizi wake ni judo ile ile. Mitsuyo Maeda, mtu wa Kodokan, alifika Brazil mwaka 1914, na kutoka kwake familia ya Gracie ikaendeleza upande wa chini: kubana, kujinasua, kukunja viungo, kabali. Dunia iliisikia mwaka 1993 huko Denver, Royce Gracie, ambaye hakuwa na mwili wa kutisha, alipowashinda watu watatu usiku mmoja kwenye mashindano ya kwanza ya UFC, ligi ya Marekani ya mapigano mchanganyiko. Darasa la kawaida ni kupasha mwili, mbinu moja au mbili, kisha raundi za dakika tano au sita za kupambana mkianzia magotini. Kuna la kuvaa sare ya nguo nzito na kuna la fulana ya kubana.

Ni mchezo wa kunyenyekeza. Utatiwa kabali na mtu mwenye uzito mdogo kuliko wako, kisha na dada aliyeanza mwaka mmoja kabla yako, kisha na mzee mwenye mvi anayepiga miayo katikati ya raundi. Hali hiyo huendelea kwa miezi. Wanaoacha, wengi huacha hapo, na mara nyingi huwa wanaume wenye nguvu ambao hawajazoea kushindwa bila maelezo.

Kinachoufanya mchezo huu uwezekane ni kugonga. Mkono ukikunjwa au shingo ikibanwa, unamgonga mwenzako mwilini mara mbili au tatu mahali anapohisi. Mikono ikiwa imenaswa, unasema kwa sauti. Anaachia papo hapo. Kabali nzuri haibani koo la hewa. Inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache kabla hajaamua kwamba ni hatari. Kwa hiyo gonga mapema. Anayegonga mapema hufanya raundi tano jioni hiyo. Anayesubiri kuona hufanya moja.

Mwili. Mapigo ya kichwa ni machache, na hiyo ndiyo sababu kubwa watu wazima wamejaa humu. Badala yake kuna shingo, kiuno, vidole na magoti. Jihadhari na mbinu za kuviringisha kisigino, maana goti huchanika kano zake kabla maumivu hayajakuonya. Mgeni aziepuke na mwenyeji asimfanyie mgeni. Kisha kuna ngozi. Kukumbatiana na watu wenye jasho huleta choa na maambukizi ya bakteria, kwa hiyo sare hufuliwa kila baada ya darasa, kucha hukatwa, mikeka husafishwa kila siku, na mwenye kipele cha kutiliwa shaka hukaa nyumbani. Sikio linalosuguliwa mno huvimba na kuganda. Kuna kofia ya masikio kwa asiyetaka.

Upinzani. Wa kweli, kila darasa, na kwa kasi unayoweza kuipunguza. Mtu mmoja akikushika na kukulaza, utajua ulipo. Lakini kulala chini kukiwa na wenziwe watatu ni balaa, na ukumbi unaoanzia magotini siku zote hukuacha huna njia ya kumfikisha mtu huko chini.

Inamfaa mwenye subira, anayependa kutatua mafumbo, na anayetaka kupambana kwa nguvu bila kupigwa usoni. Mikanda ya watu wazima ni mitano, nyeupe, bluu, zambarau, kahawia na nyeusi, na huo wa mwisho kwa kawaida huchukua kama miaka kumi. Haimfai asiyetaka ukaribu wa miili. Kwa wenye kizuizi cha dini au cha moyo kuhusu kushikana na jinsia nyingine, uliza kama kuna darasa la wanawake au kama unaweza kuchagua wenza. Ukumbi wenye adabu haukuulizi sababu.

Karate

Darasani. Karate si kitu kimoja, na hili lisipoeleweka ulinganisho wote unapinda. Shotokan, Wado, Goju na Shito ndizo familia nne kubwa zinazotajwa, na huko utakuta mazoezi ya msingi kwa mistari, kata, yaani mfululizo wa mbinu uliopangwa unaofanywa peke yako, na kumite, yaani pambano la pointi, ambayo pigo husimamishwa au hugusa kidogo. Kyokushin ya Oyama Masutatsu ni hadithi nyingine: watu hupigana mwili kwa nguvu bila glavu, teke la kichwani linaruhusiwa na ngumi ya usoni hairuhusiwi. Wawili wote watasema wanafanya karate, na mmoja wao atakuwa amevimba mapaja.

Mwili. Upande wa pointi ni miongoni mwa chaguo za upole kwa mtu mzima, isipokuwa magoti kwenye misimamo ya chini na misuli ya nyuma ya paja. Kyokushin hudai mbavu, miundi na uvumilivu.

Upinzani. Hapa majengo mawili yenye bango moja yanaweza kutofautiana kabisa. Kama kumite ipo kila wiki, unajifunza umbali na wakati wa kuingia kwa kasi ambayo bondia huiheshimu. Kama mwaka mzima ni kata na mbinu za kupangwa na mwenza, unapata afya, nidhamu na mwili mzuri, lakini usijidanganye kuhusu mtaani. Kata yenyewe ina faida ambayo watu wa jujitsu hawana: unaweza kuifanya peke yako, alfajiri, kwenye nafasi ndogo, bila kifaa chochote. Kwa mwenye kazi ya zamu au ya safari hiyo si faida ndogo. Funakoshi Gichin alipoionyesha karate Tokyo mwaka 1922 alikuwa amepita miaka 50, na kazi yake kubwa ya kufundisha ilikuwa bado mbele.

Inamfaa anayependa utaratibu, usahihi na ngazi zinazoonekana. Kyokushin inamfaa anayetaka kugongwa lakini si usoni.

Taekwondo, aikido na tai chi

Taekwondo ya mashindano ya Olimpiki, iliyomo rasmi tangu Sydney mwaka 2000, ni mchezo wa miguu: ngumi hulenga kiwiliwili tu na pointi nono ziko kwenye mateke ya kuzunguka na ya kichwani. Upande wa ITF, shirikisho jingine la taekwondo lisilo la Olimpiki, huruhusu ngumi ya kichwani. Mtu mzima mwenye nyonga laini ataifurahia sana, na mwenye nyonga ngumu atazilainisha akiwa na subira ya miezi. Kasoro ni misuli ya mapaja kuchanika kwa haraka ya kutaka kufika juu, na mikono kusahauliwa.

Aikido ya Ueshiba Morihei kwa sehemu kubwa haina mashindano, na mwenzako hushirikiana nawe. Kwa kigezo changu cha upinzani inashika mkia. Kwa kigezo cha kuanguka vizuri, mkao na utulivu inapanda, na wapo watu wa miaka 60 wanaoifanya kwa raha. Vifundo vya mikono ndivyo vinavyolipa.

Tai chi sitaiingiza kwenye ubishi wa mapigano. Ina ushahidi mzuri wa kupunguza kuanguka kwa wazee na kuimarisha mizani ya mwili, na mwenye shinikizo la damu au magoti yaliyochoka anaweza kuianza kesho, daktari wake akikubali.

Kabla ya kulipa

Nenda ukae kwenye benchi utazame darasa zima. Tafuta watu wa umri wako kati ya wanafunzi. Kama mkubwa kuliko wote ana miaka 25, kuna sababu, na huenda ni ratiba au ni majeraha. Tazama mgeni wa siku ya kwanza anafanyiwa nini: akitupwa kwenye sparingi kali ili "apimwe", toka. Tazama mwenye mkanda wa juu anapocheza na mdogo, anamfundisha au anajifurahisha? Muulize mwalimu mtu akigongwa kichwa mnafanyaje. Jibu zuri ni kwamba anaacha mara moja, anamwona daktari, na anarudi kwa hatua. Jibu la kwamba hapa hatuna watu wa hivyo ni jibu pia.

Muulize vilevile kuhusu malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mwezi mmoja unatosha kujua, na mwalimu anayejiamini hatakubana.

Ukishaanza

Mara mbili kwa wiki inatosha mwaka wa kwanza. Anayekuja mara tano mwezi wa kwanza simwoni mwezi wa nne. Mtu mzima hapungukiwi nia. Kano zake ndizo hukomaa polepole kuliko misuli, kwa hiyo anajihisi yuko tayari wiki kadhaa kabla viungo havijawa tayari. Siku mbili za mazoezi ya kawaida ya nguvu, kuchuchumaa, kuvuta, kubeba, zitakulinda magoti na mabega kuliko kinga yoyote ya dukani. Mwambie kila mwenza jeraha lako kabla ya kuanza raundi. Na ikiwa una ugonjwa wa moyo, presha, ujauzito au upasuaji wa karibuni, daktari kwanza, kocha baadaye.

Kwa hali yako

Kama kazi yako inategemea kichwa kuliko vyote na unaogopa mapigo yake, anza na jujitsu, au judo ya upole, au karate ya pointi. Kama inategemea vidole, tuseme wewe ni fundi saa, mpiga gitaa au daktari wa meno, michezo ya kushika nguo itakugharimu. Jaribu jujitsu isiyo ya sare, au Muay Thai ukiwa na bandeji nzuri na sparingi kidogo.

Kama lengo ni kupunguza mwili na una miezi michache tu, ndondi na Muay Thai hutoa jasho tangu siku ya kwanza, ilhali judo na jujitsu hukuchosha akili kwanza.

Kama unachokitaka ni kujihami, chagua chochote kati ya hivyo chenye upinzani kila wiki, kisha ukae nacho miaka miwili kabla ya kuongeza cha pili. Aliyefanya ndondi huongeza jujitsu, na aliyefanya judo huongeza ngumi. Hakuna mchezo kati ya hii unaofundisha kushinda kisu. Kukimbia kunabaki kuwa mbinu ya kwanza, na ndondi angalau hukupa pumzi yake.

Kama umepita 50 na hujawahi, karate ya kata na kumite nyepesi, aikido au tai chi zitakupokea bila maswali. Jujitsu pia, ukipata ukumbi wenye wenzako wa rika. Judo ya kurushwa ningeiacha, isipokuwa uliwahi kuifanya ujanani na mwili bado unakumbuka kuanguka.

Kama unakwenda na mwanao, taekwondo na karate mara nyingi huwa na madarasa ya familia, na judo pia, na hilo linaweza kushinda vigezo vyangu vyote vinne.

Na kama karibu nawe kuna ukumbi mmoja tu, wa mchezo ambao hukuufikiria, wenye mwalimu makini na watu wazima wanaocheka wakifungua bandeji, ingia huo huo. Uliza darasa la wanaoanza ni saa ngapi, kata kucha, beba maji na taulo, ufike dakika kumi kabla ili umwambie mwalimu lile goti.